Saa ya Mkono wa Kike

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nililikana mbele ya tajiri wa duka, mbele ya fundi aliyenifunza kazi, mbele ya wake wa wachungaji wawili, na mwezi uliopita, katika karamu ya kuniaga, nililikana tena huku nikitafuna sambusa. Petro alikana mara tatu jogoo akawika. Jogoo wa Voi walichoka kunihesabia. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifuta kazi, basi naandika: ndiyo, ni mimi niliyemuuzia mwalimu wa kwaya saa ya kike.

Ninyi vijana mnaobaki nyuma ya kaunta mmeisikia hadithi hii kwa namna nyingi. Katika moja, mnunuzi ni chifu. Katika nyingine saa ilikuwa na maua ya vito kuzunguka uso wake. Haikuwa na maua, na mnunuzi hakuwa chifu. Machifu walikuwa na mikono minene. Mwalimu mwenyewe nitamwita Mwanjala, jina ambalo si lake. Kanisa lake silitaji kabisa, maana waimbaji wa alto wa siku hizo bado wako hai na hawasahau kitu.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika duka la saa mjini Voi, ng'ambo ya stesheni. Watu wa Nairobi huniuliza nani alikuwa akinunua saa za fahari mahali penye vumbi jekundu na joto la kukaangia yai. Nawajibu: kila aliyesubiri treni. Voi ndipo njia ya reli ya Taveta ilipoachana na ile ya Mombasa na Nairobi, na mtu anayesubiri treni ana vitu viwili, muda mwingi na hamu ya kujua ni saa ngapi. Dirishani tuliweka saa za kawaida, za makarani na vibarua. Ndani, chini ya kabati la kioo, zilikaa trei mbili za mahameli: ya buluu kwa wanaume, nyekundu kwa wanawake, kila moja na saa kumi na mbili za Uswisi, za dhahabu na za chuma cha pua. Bei zake tulizitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka mlimani nimevaa sweta. Hilo tu lilitosha kumwambia kila mtu wa Voi kwamba mimi ni mgeni. Tajiri alikuwa Mhindi mpole aliyeishi Mombasa na kutujia kwa treni kila baada ya wiki mbili. Alinitazama, akauliza kama nimesoma, nikasema nimemaliza shule ya misheni, akasema basi nitajaribiwa miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja. Saa yoyote ghali ikirudishwa dukani kwa sababu ya kosa langu, nami nitarudi mlimani. Nilikubali haraka. Nyumbani kulikuwa na mpango wa kuniozesha kwa mwanamume mwenye ng'ombe wengi na mazungumzo machache.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Athmani. Alikuwa mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyehamia Voi kabla ya vita na kukaa huko akiomboleza Kiswahili cha bara kila siku. Sisi tulioanza na Kidawida, lugha ya kwetu mlimani, tulikuwa tukizivunja ngeli kama karanga. Nikimwomba, "Nipe kibano hii," Fundi alikishika kibano hewani asikiachie. Nikisema "kibano hiki," alikiachia. Ngeli zote ninazozijua nilijifunza hivyo, nimenyoosha mkono.

Kutoka kwake pia nilijifunza kwamba pwani mkono wa kulia ni mkono wa kuume, na wa kushoto ni mkono wa kike. Kwetu mlimani sikuwahi kusikia mtu akisema hivyo. Nikamuuliza kwa nini wa kushoto ndio wa kike.

"Kwa sababu wa kuume hufanya kazi ukasifiwa," alisema bila kuinua jicho kwenye lenzi, "na wa kike ndio huushikia kila kitu."

Ndiyo maana, aliendelea, saa huvaliwa mkono wa kike: mkono wenye kelele nyingi huvunja vitu. Miaka mingi baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikiwa mama wa watoto watatu, nikaketi miaka kadhaa na maprofesa wa lugha. Walinifundisha maneno marefu sana. Sikumbuki hata moja lililoeleza jambo kwa ufupi kama lile. Kisha nikarudi kaunta. Shahada yangu niliitundika karibu na rafu ya mikanda, na mteja mmoja akaniuliza kama ndiyo leseni ya duka.

Vifaa vya mauzo vilikuwa vichache. Kulikuwa na msumari wa kutobolea mikanda, wembe, kopo la pini ndogo zinazoshika mkanda kwenye saa, na uzi wa katani. Uzi wa pamba hunyumbuka, Fundi alisema, na uzi unaonyumbuka ni shahidi wa uongo. Wa katani hausemi ila ulichouonyesha, na katani ilikuwa imejaa Mwatate yote. Ulimzungushia mteja uzi nyuma kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ukapiga fundo, ukaulaza kwenye rula. Lakini hata uzi wa katani ulihitaji akili. Mtu wa Wundanyi akishuka Voi saa sita mchana, mkono wake huvimba kwa joto. Ukimpimia mkanda hapo, akifika kwao kwenye ukungu saa inamchezea kama bangili. Kwa hiyo kila mtu wa mlimani tulimtobolea tundu moja la ziada, la nyumbani. Wengine walidhani ni zawadi.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa desturi ya Fundi ambayo sijaiona duka lingine lolote. Hakumruhusu mteja kuchagua saa akiwa amesimama. Alimvisha, kisha akamwambia: fanya kazi yako. Karani aliandika barua. Dereva wa lori aliyekuwa akilala Miasenyi alikaa kwenye kiti akazungusha usukani usiokuwapo mpaka tukajua saa yake lazima iwe bapa, la sivyo itagonga. Mama mmoja wa Njukini, mfanyabiashara wa maharagwe, alizamisha mkono ndani ya gunia tulilolikopa duka la jirani, akautoa, na saa ikatoka na maharagwe mawili chini ya mkanda. Hiyo tukairudisha kwenye trei.

Halafu kuna namna ya mtu. Namna haipimwi kwa uzi. Nakumbuka mchuuzi wa Taveta, mtu wa kuvuka mpaka kila wiki, mwenye sauti ya kuita punda. Alitaka dhahabu, tena nene, tena yenye uso mng'avu. Fundi alimpa nyembamba ya chuma cha pua yenye uso mweusi. Mchuuzi akauliza kama anatukanwa. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba mtu mwenye sauti kubwa hahitaji saa inayopiga kelele. Mchuuzi aliivaa, akajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akanyamaza. Alifanana na hakimu. Aliondoka akitembea polepole.

"Usimwambie mteja kwamba saa imempendeza," Fundi alinionya siku ile. "Hilo husemwa na muuzaji wa vitambaa. Ngoja. Akiacha kuitazama saa, akatazama wakati, imeshauzwa."

Mwezi wangu wa pili ulikuwa unaisha Mwalimu Mwanjala alipoingia. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri, Fundi yuko msikitini, tajiri yuko Mombasa. Nilikuwa peke yangu na saa ishirini na nne.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwembamba kama mwanzi, suti iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kukatika. Alinisalimu kwa Kidawida, kisha akahamia Kiswahili, kwa kuwa mambo ya fahari huzungumzwa kwa Kiswahili. Alitaka saa ya dhahabu. Kabichi zake zilikuwa zimeshuka Mombasa msimu mzima na zimemrudishia fedha nzuri. Kesho yake kwaya ilikuwa na mashindano Mwatate.

Nikatoa trei ya buluu. Nikamvisha ya kwanza, ile tuliyoijivunia kuliko zote, nikamwambia afanye kazi yake.

"Kazi yangu ni kuongoza kwaya," alisema.

"Basi ongoza, Mwalimu."

Akainua mikono. Saa ikatoka kwenye kifundo, ikateleza ndani ya mkono wa koti, ikaenda kusimama kwenye kiwiko. Tuliisikia ikifika. Mwalimu akashusha mkono, ikarudi. Nikamvisha ya pili. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kisha jingine, mpaka ncha ya mkanda ikazunguka ikakaribia kukutana na uso wa saa. Hata hivyo ilipinduka ikaning'inia chini ya mkono, ikitazama sakafu. Ya tatu ilikuwa pana hata vishikio vya mkanda vilitokeza pande zote mbili, kama daraja lililojengwa na mtu asiyeuona mto.

Nikachukua uzi wa katani. Fundo liliangukia mahali ambapo sikuwa nimewahi kuliona likianguka kwa mwanamume. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko wangu, na mimi nilikuwa msichana wa kubebwa na upepo. Mwalimu aliutazama uzi kwenye rula, akaelewa. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayemweleza daktari.

Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano hayo hayo, katikati ya ubeti wa tatu, aliinua mkono kuwaita soprano na saa yake ya zamani ikamtoka. Iliruka juu ya safu ya kwanza ikamwangukia mama mmoja wa alto kifuani. Mama yule hakukosa noti hata moja. Wimbo ulipokwisha alisogea mbele ya waamuzi, akamkabidhi na kusema, "Mwalimu, umeangusha." Tangu siku ile mlima mzima ulimwita Mrusha-Saa. Watoto wa shule walimwita hivyo kwenye daftari. Aliacha kuvaa saa, lakini mkono haukusahau. Alianza kuongoza akiwa ameibana mikono mbavuni, kama kuku anayepelekwa sokoni, na kwaya ikaimba vivyo hivyo, imebanwa. Kabla ya kuja kwangu mchungaji alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mambo yakiwa hivi tena Mwatate, atafutiwa mtu mwingine.

"Miaka tisa nimewafundisha," alisema. "Sitaki saa ya kuringia, binti. Nataka isiyonifanya nifikirie mkono wangu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli: "Lakini iwe ya dhahabu. Wameshaniona bila kitu mwaka mzima."

Akageuka kutazama nje, ambako wapagazi wawili wa stesheni walikuwa wamesimama kivulini kuangalia anachofanyiwa. Nami nikainama chini ya kaunta kama mtu anayetafuta pini, nikavuta trei nyekundu.

Elezeni jambo hili vizuri mkiwasimulia wengine. Siku hizo saa nyingi za kike zilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na kusoma wakati kulihitaji imani. Lakini ilikuwamo moja kubwa kuliko wenzake, upana wa shilingi, dhahabu tupu, uso mweupe usio na pambo, mishale miwili myembamba. Ilikuwa imekaa kwenye trei ile miezi minane. Wanawake waliiona nzito, wanaume hawakuonyeshwa. Nikaitoa kwenye mnyororo wake. Nikachukua mkanda wa kiume wa ngozi ya kahawia, ambao ulikuwa mpana mno kwa vishikio vyake, nikaupunguza kwa wembe pembeni, pande zote mbili. Nikatoboa tundu la Voi, nikatoboa na la Wundanyi. Saa hii ikirudi, niliwaza, narudi kwa yule bwana wa ng'ombe.

Nilipomfungia Mwalimu, ilikaa nyuma ya mfupa kama iliyozaliwa hapo. Nikamwambia aongoze.

"Niongoze nani?"

Nikaimba alto. Hakukuwa na namna nyingine. Mwalimu aliinua mikono, kwanza hadi kifuani, kisha hadi mabegani, na saa haikujongea. Akanirekebisha noti ya pili, akanirudisha mwanzo. Ubeti wa pili wapagazi wakaingia na besi kutoka mlangoni bila kualikwa, na Mwalimu akawageukia na kuwapa ishara waipunguze, kama watu aliowajua miaka yote. Ubeti wa mwisho mikono ilikuwa juu kabisa, mkono wa koti umeshuka hadi kiwiko, dhahabu inametameta kwa kila aliyekuwa stesheni. Tulipomaliza alifuta jasho, akaitupia saa jicho, akasema, "Ala, basi langu linaondoka."

Alikuwa ametazama wakati. Imeshauzwa.

Akiwa mlangoni akasimama. Akauliza, bila kunitazama, kama hii saa ni ya aina gani hasa, maana aliiona ndogo kidogo. Kinywa changu kilifunguka kabla akili haijafika.

"Ni saa ya mkono wa kike, Mwalimu."

Wapagazi walikuwa wanasikiliza.

"Kiswahili cha pwani," nikasema. "Mkono wa kushoto."

Mwalimu alikuwa akifundisha Kiswahili shuleni. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekumbushwa jambo alilolijua siku zote. "Naam," alisema. "Mkono wa kike." Akaenda.

Hilo ndilo kosa, si saa. Nilimpa msemo mzuri mtu anayependa misemo mizuri.

Jumamosi kwaya yake ilishika nafasi ya pili, na watu walisema haijawahi kuimba vile. Wakati wa chai waimbaji walimzunguka kuiona saa. Mwalimu, akiwa na furaha na mbele ya watu wa kwaya nyingine, akawaeleza kwa Kiswahili safi kwamba hii ni saa ya mkono wa kike. Watu wa mlimani hawakuwa wamewahi kuusikia msemo ule. Masikio yao yalichukua walichokielewa na kuacha kilichobaki. Jumapili habari ilikuwa imefika Wundanyi. Jumatatu asubuhi ilishuka Voi pamoja na mboga.

Aliyeileta ni Mama Wakesho, mama wa mlimani aliyekuwa akiuza kabichi na vitunguu nje ya duka letu. Alituambia, akipanga vitunguu vyake, kwamba huko juu wanasema sisi tumemvisha Mwalimu saa ya kike, na kwamba wale wa alto wamemtungia wimbo. Nikamwambia ni uongo. Neno lilinitoka jepesi ajabu, kama nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

Fundi Athmani aliweka chini kibano. Aliuliza Mwalimu alisema maneno gani hasa. Mama Wakesho akayarudia, na Fundi akasimama.

"Mkono wa kike!" alisema. "Mtu kasema mkono wa kike, nao wameula mkono mzima wakabakisha kike!"

Sijawahi kumwona na hasira kiasi kile, na si kwa ajili ya Mwalimu. Ni kwa ajili ya lugha. Akaamua kulimaliza. Angeandika cheti chenye mhuri wa duka kuthibitisha kwamba saa ya Mwalimu ni ya kiume, kisomwe kanisani. Alihitaji tu kuifungua nyuma anakili namba yake. Akamtuma Mama Wakesho amwambie Mwalimu ailete. Kisha akanigeukia na kuuliza ni ipi niliyouza.

"Ile nyembamba ya dhahabu, Fundi."

"Ya trei ya buluu?"

"Ya buluu."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba trei ya buluu bado ina saa zake zote kumi na mbili. Fundi alipokwenda kunywa kahawa nilichukua ile nyembamba ya dhahabu, nikaitia ndani ya mkebe wangu wa chakula, chini ya muhogo. Trei nyekundu, iliyobaki na kumi na moja, niliipanga upya kwa nafasi pana zaidi, mpaka ikaonekana ya watu wenye raha. Kwa siku nne saa ya thamani kuliko nyumba yetu ilikaa kwenye mkebe ule, ikinuka muhogo wa kuchemsha. Nilikuwa nimeanza na saa moja isiyo mahali pake. Sasa nilikuwa nazo mbili, na moja ilikuwa na sura ya wizi. Vijana wangu, msifiche kitu mkebeni. Mkipatikana, hakuna shahada itakayowatetea.

Jumatano Mama Wakesho alileta jibu. Mwalimu hatashuka. Atapiga simu kesho saa kumi, kutoka ofisi ya hospitali. Alhamisi asubuhi tajiri akateremka kwenye treni ya Mombasa, na kwa kuwa alipitia kwa kinyozi, aliingia dukani akijua yote. Hakufoka. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama nimemuuzia mwanamume saa ya kike. Nikasema hapana. Akasema vizuri, basi tusubiri simu. Mwalimu akisema anairudisha, tutajua.

Saa kumi kasoro dakika tano tulikuwa watatu tumesimama mbele ya simu ya ukutani. Fundi alikuwa ameshika karatasi ya cheti na kalamu. Ilipolia tajiri akaipokea, akasikiliza, akaamkia, kisha akaninyooshea.

"Anakutaka wewe."

Nikaiweka sikioni. Nilisikia mluzi wa waya, kisha sauti ya Mwalimu, mbali lakini safi. Akauliza kama ni mimi binti niliyempimia. Nikasema ni mimi.

"Kuna watu hapo?"

"Wapo, Mwalimu."

"Fundi?"

"Ndiyo."

"Na mwenye duka?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wote hawajambo."

"Basi wewe itikia tu, maneno niachie mimi." Alikohoa kidogo. "Ile trei ilikuwa nyekundu."

Fundi alinitazama, kalamu tayari.

"Kioo chenu cha kujitazamia kiko kando ya dirisha, binti. Nilikuwa nimekupa mgongo, lakini nilikuona ukiinama, nikakuona na wembe. Mimi ni mwembamba, si kipofu."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

"Nilikungoja pale mlangoni useme uongo. Ukaniambia mkono wa kike. Nikasema, haya, huyu amenipa kitu cha kusimama nacho. Nilichosahau ni kwamba watu wangu hawajui Kiswahili." Akacheka. Akaendelea kwamba Mwatate aliinua mikono tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, na kwamba waimbaji wake walimtazama kwa macho ya mwaka juzi. Mchungaji hakusema tena habari ya mtu mwingine. Wimbo wa wale wa alto si mbaya, alisema, ila mwisho wake ni dhaifu, na amewasaidia kuurekebisha. "Wamecheka siku mbili, ya tatu nikacheka nao, wakachoka. Saa hii hairudi. Umenisikia?"

"Nimesikia. Hairudi."

Nililisema kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Tajiri aliachia pumzi, akaenda kufungua dirisha.

"Na cheti?" Fundi alininong'oneza. "Muulize cheti."

Nikauliza. Mwalimu akasema anamshukuru sana Fundi, lakini asiandike. Mtu akianza kuvaa saa yenye cheti, kesho ataombwa na cha suruali. Nilimfikishia Fundi kwamba Mwalimu anasema neno lake linatosha. Fundi akakunja karatasi, ameridhika, akarudi kwenye meza yake.

"Wakikuuliza, wewe hujui," Mwalimu alisema. "Nami sitajua."

"Sawa, Mwalimu."

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa naishusha simu aliposema ningoje, kuna jingine. Mke wake atashuka Voi kesho na kabichi. Yeye ndiye alimaye, mumewe huimba tu, na mkono wake ni wa jembe, mara moja na nusu ya wa Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita kaka yake alimpa saa ya kike, inambana hata huivua kabla ya kuketi kanisani, na alama yake haifutiki hadi Jumatatu. Saa moja imemfanya Mwalimu aache kufikiria mkono wake. Naye anamtakia mkewe hivyo hivyo.

"Mpimie kwa ule uzi," alisema. "Mfanye alime hapo hapo dukani, Fundi asione vibaya. Halafu mtolee ile trei nyingine."

Nikaifikiria ile nyembamba ya dhahabu, chini ya muhogo. Moja ya buluu, moja ya nyekundu. Trei zingekuwa sawa, kumi na moja kwa kumi na moja, na zote mbili zimelipiwa.

"Ndiyo, Mwalimu. Ninayo itakayomfaa."

"Najua utaipata. Na akiuliza ni ya kike au ya kiume, mwambie ni yake."